Muziki ndani ya boti: Betri, petroli na masikio ya nahodha

Na Mwandishi Wetu, Geita

MMILIKI wa boti katika mialo ya Nkome au Chato anapotaka chombo chake kiwe na muziki, fundi aliye karibu naye kwa kawaida ni yule wa muziki wa magari. Fundi huyo anaweza kuwa wa Katoro, wa Kahama au wa Shinyanga mjini, miji ambayo haina ufukwe wa ziwa lakini ina vijana waliobobea katika kufunga redio, amplifaya na sabufa kwenye daladala, teksi na malori.

Jambo hilo halina ubaya kwa msingi wake. Umeme wa volti 12 unaotumika ndani ya gari ndio huohuo unaotumika ndani ya boti, na spika haijui kama iko barabarani au majini. Hata hivyo, gari lililoishiwa betri husukumwa likawaka, na abiria wakashuka kando ya barabara. Boti iliyoishiwa betri katikati ya Ziwa Victoria haina wa kuisukuma, taa zake huzimika, pampu ya kutoa maji husimama, na upepo huipeleka utakako.

Makala haya yanaeleza namna muziki unavyofungwa ndani ya boti yenye injini, na kwa nini kila hatua ya kazi hiyo inapaswa kupimwa kwanza kwa swali la usalama kabla ya swali la ukubwa wa sauti.

Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumega sehemu za mikoa ya Mwanza, Shinyanga na Kagera. Wengi huufahamu kwa dhahabu, lakini upande wake wa kaskazini umepakana na Ziwa Victoria, lenye eneo la kilometa za mraba zipatazo 68,800. Daraja la Kigongo-Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limepunguza utegemezi wa vivuko kwa wasafiri wa barabara ya Mwanza hadi Geita. Kwa wakazi wa visiwani, wavuvi na wageni wa Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo, boti imebaki kuwa usafiri muhimu.

Umeme unatoka wapi?

Swali la kwanza analopaswa kuulizwa mmiliki linahusu umeme utakakotoka, kabla hata ya idadi ya spika anazozitaka. Injini nyingi ndogo za kuning'inizwa nyuma ya chombo, zile zinazowashwa kwa kuvuta kamba, hazina mfumo wa kuchaji betri au hutoa ampea chache tu. Injini kubwa zenye altaneta zinaweza kutoa ampea 20 hadi 50, lakini pale tu zinapozunguka kwa kasi. Injini inayonguruma taratibu karibu na gati hutoa umeme pungufu, na huo ndio wakati ambao muziki hufunguliwa kwa nguvu.

Hesabu yake si ngumu. Tuchukue boti yenye spika nne, kila moja ikipewa wati 50 za kweli. Jumla ni wati 200. Amplifaya za kisasa za daraja D hugeuza takribani asilimia 80 ya umeme zinaoupokea kuwa nguvu ya kuendesha spika, kwa hiyo amplifaya hiyo itahitaji wati 250 ikifunguliwa hadi mwisho. Kwa betri ya volti 12 na ushei, hizo ni ampea 20. Muziki hupanda na kushuka, hivyo matumizi ya wastani yanaweza kuwa theluthi moja ya kiwango hicho, yaani ampea saba hivi.

Betri ya risasi na asidi yenye ujazo wa ampea 100 kwa saa haipaswi kutumiwa zaidi ya nusu yake ikiwa mwenye mali anataka idumu. Nusu hiyo ni ampea 50 kwa saa. Ukigawanya kwa saba, unapata muziki wa saa saba. Amplifaya za zamani za daraja AB hupoteza karibu nusu ya umeme kwa joto, na saa hizo zitapungua kwa kiasi kikubwa.

Kutokana na hesabu hiyo, kanuni ya kwanza ni kuwa na betri mbili. Betri ya kwanza ibaki kwa ajili ya kuwasha injini, taa za safari, redio ya mawasiliano na pampu. Betri ya pili iwe ya muziki peke yake, na iwe ya aina iliyotengenezwa kwa kutumika polepole na kuchajiwa tena, ambayo wengi huiita betri ya sola. Kati ya betri hizo mbili hufungwa relei maalumu inayoruhusu zote kuchajiwa injini inapozunguka na kuzitenganisha injini inapozimwa. Kwa mpango huo, muziki ukilia hadi betri yake ikaisha, injini bado itawaka.

Boti isiyo na altaneta inaweza kutumia paneli ya sola. Wavuvi wa dagaa walioacha karabai na kuhamia taa za betri tayari wanaufahamu utaratibu huo. Paneli ya wati 100 hutoa ampea tano hadi sita jua likiwa kali, sawa na ampea 25 kwa saa au zaidi kidogo kwa siku yenye jua zuri. Kiasi hicho kinatosha kurudisha saa tatu hivi za muziki katika mfano wetu, wala hakitoshi kwa sherehe ya usiku kucha.

Waya wa nyumba haufai

Kosa linalojirudia katika kazi za namna hii ni kutumia waya wa nyumba. Waya wa milimita za mraba 2.5, unaofungwa kwenye soketi za majumbani, unatosha kwa umeme wa volti 230 kwa sababu ampea ni chache na volti ni nyingi. Kwa volti 12 hali ni kinyume chake.

Tukirudi katika mfano wetu, amplifaya iko mita nne kutoka kwenye betri, kwa hiyo umeme husafiri mita nane kwenda na kurudi. Ampea 20 zikipita kwenye waya wa milimita za mraba 2.5, zaidi ya volti moja hupotelea njiani na kugeuka joto ndani ya waya. Amplifaya hupokea volti pungufu, sauti hukwaruza, na plastiki ya waya hulainika. Kwa waya wa milimita za mraba 10, upotevu hushuka hadi chini ya theluthi moja ya volti, kiwango kinachokubalika.

Waya uwe wa nyuzi nyingi nyembamba, kwa sababu mtetemo wa injini huvunja nyuzi nene. Unaofaa zaidi ni wa shaba iliyopakwa bati, kwani shaba tupu hugeuka kijani na kuoza kwenye unyevu. Ni kweli kwamba maji ya Ziwa Victoria si ya chumvi kama ya Bahari ya Hindi, na kutu yake ni ya taratibu zaidi. Hata hivyo, unyevu wa kila siku, maji yanayorukia ndani na vipande vya samaki vilivyooza hutosha kuharibu kiungo kisichofunikwa. Viungo vibanwe kwa terminali na kufunikwa kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Kusokota nyaya kwa vidole na kuzungushia gundi ya umeme si kazi ya majini.

Kisha kuna fyuzi. Kazi ya fyuzi kuu ni kuulinda waya, ambao ukigusana na mwenzake huweza kushika moto kabla mtu hajauona moshi. Kwa sababu hiyo hufungwa karibu kabisa na betri, kwenye waya chanya. Viwango vya Marekani vya ujenzi wa boti huitaka iwe ndani ya inchi saba, yaani sentimita 18 hivi, kutoka kwenye betri. Fyuzi ya ampea 30 inafaa kwa waya na amplifaya ya mfano wetu. Fundi anayeondoa fyuzi iliyoungua na kuweka kipande cha waya au msumari badala yake ameondoa kinga pekee iliyokuwapo.

Nyaya zipitishwe juu, mbali na maji yanayokusanyika chini, na zishikizwe kila baada ya sentimita 45 hivi ili zisicheze. Pembeni ya betri iwekwe swichi kubwa ya kukata umeme wote wa muziki kwa mkono mmoja.

Petroli hushuka, hewa ya betri hupanda

Hatari iliyo kubwa kuliko zote haionekani kwa macho. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne. Unapovuja kutoka kwenye tangi au dumu hauelei ukaondoka, bali hushuka na kujikusanya katika ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ya ndani ya chombo. Cheche moja ya swichi au relei huweza kuulipua.

Ndani ya gari, fundi huficha amplifaya chini ya kiti au kwenye buti. Katika boti, mahali panapofanana na hapo ndipo mara nyingi penye tangi, madumu ya akiba na bomba la mafuta. Amplifaya, relei na fyuzi zisikae katika chumba kimoja na petroli wala chini karibu na ngama. Vifaa vilivyotengenezwa mahususi kwa boti zenye injini ya ndani huwa na alama inayoonyesha kwamba haviwezi kuwasha mvuke. Redio ya gari haina alama hiyo.

Betri nayo ina hatari yake, ila ya upande wa pili. Inapochajiwa hutoa haidrojeni, hewa nyepesi inayopanda na ambayo pia hulipuka. Sanduku la betri lifungwe imara lisipinduke kwenye mawimbi, na liwe na tundu la kutolea hewa juu yake. Kwa kifupi, mafuta yahitaji nafasi ya kupumua chini na betri yahitaji nafasi ya kupumua juu, na vitu hivyo viwili visikae pamoja.

Wati nyingi si sauti kubwa

Wanunuzi wengi hudanganywa na maandishi makubwa kwenye boksi. Namba ya maana ni ile inayofuatana na herufi RMS, inayoonyesha nguvu ambayo kifaa huweza kuitoa au kuistahimili mfululizo. Namba ya juu kabisa iliyoandikwa kwa rangi za kung'aa huwa ni ya kupita kwa nukta moja tu.

Aidha, kuongeza wati mara mbili huongeza desibeli tatu tu, tofauti ambayo sikio huisikia kwa shida. Ili sauti isikike kama imekuwa kubwa maradufu, zinahitajika wati mara kumi hivi. Kwa chombo kinachotegemea betri, huo ni mzigo usiobebeka. Njia nafuu ni kununua spika nyepesi kuitika. Spika yenye kiwango cha desibeli 90 ikipewa wati 50 hutoa sauti sawa na spika ya desibeli 87 iliyopewa wati 100. Mnunuzi anayesoma namba hiyo ndogo mgongoni mwa spika ataokoa nusu ya betri yake.

Jambo jingine ni kwamba ndani ya gari sauti hurudishwa na vioo na paa, ilhali katika boti ya wazi hakuna kuta. Kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti hupungua kwa desibeli sita hivi. Spika mbili kubwa za mbele zitamkera aliyekaa jirani nazo na kumwacha wa nyuma bila kusikia. Spika ndogo nne au sita zilizotawanywa kando ya viti, zikielekezwa kwa abiria, husikika vizuri kwa sauti ya chini zaidi.

Kwa upande wa ubora, karatasi ya spika za kawaida huoza kwa unyevu. Zitafutwe zenye koni ya plastiki, ukingo wa mpira na kinga dhidi ya miale ya jua, ambalo katika nchi zetu za ikweta hupasua plastiki hafifu katika muda mfupi. Alama IP65 ina maana kwamba kifaa hakipenywi na vumbi na hustahimili maji ya kurushwa. IP67 huongeza ustahimilivu wa kuzama kwa muda mfupi. Redio iliyo wazi mbele ya nahodha ifikie angalau kiwango cha kwanza.

Fundi ahakikishe pia kwamba amplifaya inaridhia mzigo wa spika. Spika mbili za omu 4 zikiunganishwa sambamba huwa omu 2, na amplifaya isiyotengenezwa kwa mzigo huo huchemka na kujizima, au kuungua.

Uzito na mahali pake

Sabufa yenye sanduku la mbao pamoja na betri ya pili huweza kufikisha kilo 60, karibu uzito wa abiria mmoja. Uzito huo uhesabiwe katika idadi ya watu wanaoruhusiwa kupanda, na uwekwe chini na katikati ya chombo. Kupachika spika nzito juu ya paa ili zisikike mwaloni huinua kitovu cha uzito na kukifanya chombo kilale upesi wimbi linapokipiga ubavuni.

Ziwa hili limekwisha kutoa mafunzo machungu kuhusu uzito. MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza Mei 21, 1996 na kuua mamia ya watu. Kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba abiria 101, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara Septemba 20, 2018 kikiwa na zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo, na watu 228 wakapoteza maisha. Muziki haukuwa chanzo cha ajali hizo. Zinatajwa hapa kwa sababu uzito uliozidi au ulioegemea upande mmoja hauchagui umetokana na nini, ikiwamo abiria wanaocheza na kukimbilia ubavu mmoja wa boti.

Fundi asitoboe chombo chini ya mstari wa maji kwa sababu yoyote ile, na kila tundu la juu lizibwe kwa silikoni. Vilevile spika zina sumaku kali. Zikikaa karibu na dira huipotosha, na nahodha anayerejea usiku au katika ukungu hatajua kwamba anaelekezwa kusiko. Ziachiwe umbali wa mita moja au zaidi, kisha dira ijaribiwe muziki ukiwa umezimwa na ukiwa umewashwa.

Masikio ya nahodha

Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972 zinasema, katika kanuni ya 5, kwamba kila chombo kiwe na uangalizi wakati wote kwa kuona na kwa kusikia. Kanuni hizo ziliandikwa kwa ajili ya bahari, lakini mantiki yake ni ileile ziwani. Mlio mfupi mmoja wa honi humaanisha chombo kinageukia kulia, miwili kushoto, na mitano au zaidi kwamba mwenye kupiga ana shaka na nia yako. Nahodha asiyesikia honi hiyo hana tofauti na aliyefumba macho.

Yapo mengine ya kusikia. Injini inayokosa maji ya kupoza hubadili mlio kabla haijakwama. Ngurumo husikika kabla dhoruba haijafika, na katika Ziwa Victoria dhoruba nyingi huzuka usiku na alfajiri. Mtu aliyetumbukia majini hupiga kelele mara chache tu. Kwa hiyo spika zisielekezwe kwa nahodha, na kitufe cha kunyamazisha muziki wote kiwe mkononi mwake, si kwenye simu ya abiria.

Wafanyakazi wa migodini wanaujua umuhimu wa kuziba masikio mahali penye mashine. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inashauri mtu asikae kwenye kelele ya desibeli 85 kwa zaidi ya saa nane, na kila desibeli tatu zinapoongezeka muda huo upungue kwa nusu. Kwa desibeli 94 unabaki muda wa saa moja tu. Abiria hupita, lakini nahodha na msaidizi wake husafiri na sauti hiyo kila siku.

Mfumo huo huweza pia kuwa msaada mkubwa. Maikrofoni moja iliyounganishwa na amplifaya humwezesha nahodha kuwaeleza abiria namna ya kuvaa jaketi la kuokolea maisha, kuwaambia wasihamie upande mmoja wanapokaribia gati, na kuwaongoza hali inapochafuka. Kwa boti ya abiria, maikrofoni ina thamani kubwa kuliko sabufa.

Sheria inavyotaka

Vyombo vidogo vya majini husajiliwa na kukaguliwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC). Mmiliki anayeongeza betri, nyaya na uzito ni vyema amweleze mkaguzi mabadiliko hayo badala ya kusubiri yagundulike.

Kelele nazo zina mipaka chini ya kanuni za mazingira za udhibiti wa kelele na mitetemo za mwaka 2015. Kupiga muziki wa wasanii kwa umma katika biashara huhitaji kibali kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Boti zinazopeleka wageni Rubondo, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977, zizime muziki mapema, kwani wageni huenda huko kwa ajili ya ndege, sokwe na utulivu.

Kabla ya safari ya kwanza

Kazi ikikamilika, fundi na mmiliki waijaribu boti ikiwa bado imefungwa mwaloni. Muziki upigwe kwa nguvu nusu saa, kisha viungo vyote viguswe kwa mkono. Kilicho cha moto kina kasoro. Betri ya muziki ipimwe. Ikishuka hadi volti 12.2 baada ya kupumzika, imebaki nusu na muziki uzimwe. Swichi kuu ikatwe, na injini iwashwe kwa betri yake. Taa, pampu na redio ya mawasiliano zijaribiwe muziki ukiwa unalia, na zikikwaruza au kufifia kazi irudiwe.

Mmiliki asimlipe fundi malipo ya mwisho kabla ya jaribio hilo. Na ikiwa fedha hazitoshi kwa vyote, aanze na betri ya pili, fyuzi na waya mnene, spika zifuate baadaye.